Vongai na Makofi ya Salamu

"Jana jioni ulipiga makofi ya salamu vizuri, leo asubuhi huwezi? Ni ugonjwa gani huo unaochagua saa?" mama mkwe alimfokea Vongai. "Baba mkwe wako akitoka zizini usipompigia makofi kama desturi yetu inavyotaka, unarudi kwenu."

Vongai alikuwa akijibonyeza viungo vya vidole, kimoja kimoja, kama muuguzi wa zahanati alivyomfundisha. "Mama, baridi yabisi ndivyo ilivyo. Asubuhi vidole vinakakamaa, jua likipanda vinalegea. Leo vimevimba, nikivigonganisha nitaviumiza zaidi."

"Huyo muuguzi wako wa zahanati amekufundisha kiburi."

Hapo damu ilinichemka. Mimi jirani yao, niliyewahi kumtimua fisi kwa mwiko wa kusongea sadza, ugali wetu, mpaka akaniachia mkia, nikamwambia, "Wewe jino likikuuma kijiji kizima hakilali. Mwenzio anaujua mwili wake, unamwita mwongo?"

"Bibi, wewe na fisi wako nyamazeni."

Nilikuwa nafungua kinywa nimjibu, VaMuchengeti, baba mkwe mwenyewe, akaingia. Mimi na mama mkwe tukapiga magoti na kugonganisha viganja. Vongai naye akapiga goti, akaiacha mikono mapajani, na badala ya makofi akamsalimu kwa sauti iliyofika mpaka zizini.