Ndege Moja, Fundi Mmoja

Enzi zake, shirika la ndege la umma lilikuwa na ndege saba, na abiria walivaa suti hata kwa safari ya dakika arobaini. Tiketi ilikuwa kijitabu cha karatasi, na watu walikitunza kabatini pamoja na vyeti vya ndoa. Kisha safari zikafutwa moja moja, mashirika binafsi yakaingia na ndege mpya na tiketi za kwenye simu, na ndege sita zikauzwa au zikakatwakatwa. Ikabaki moja, imelala bandani mwaka wa sita ikisubiri injini ya kushoto iliyopelekwa matengenezo nje isirudi. Akabaki pia fundi mmoja mwenye leseni ya kuihudumia, ambaye wenzake walimbatiza Propela kabla hawajatawanyika.

Kila Jumatatu Propela huwasha trekta kuukuu na kuisogeza ndege hatua moja, matairi yasije yakabonyea upande mmoja. Huwatimua ndege wengine, wale wenye manyoya, waliojenga mkiani. Hukagua kutu, hupaka grisi, kisha hutia sahihi kwenye daftari ambalo hakuna anayelisoma.

Mwaka huu shirika binafsi la ng'ambo ya uwanja lilimwita. Wangemfundisha ndege za kisasa, mradi aripoti tarehe mosi akiwa na barua ya kuachiwa. Alikwenda kwa meneja wake nusura akimbie.

"Mzee wangu, nikikuachia, shirika linabaki bila fundi na kibali chake cha kurusha ndege kinafutwa," meneja alisema. "Vuta subira. Mkaguzi anakuja wiki ya tatu. Akisema hiki ni chuma chakavu, barua yako naiandika siku hiyo hiyo."

Nyumbani mama watoto alimsikiliza mpaka mwisho.

"Si uiache tu, baba?" alisema. "Wiki tatu usiiguse. Nani atajua?"

Lilikuwa wazo zuri, na mwenye akili timamu angelifuata bila kupepesa macho. Jumatatu ya kwanza Propela alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika tama, akaitazama ndege. Aliwachukia wote waliomwahidi injini mwezi ujao, na mwezi ujao, na mwezi ujao tena, huku ujana wake ukiishia ndani ya banda lile.

Saa nne mikono ikaanza kumwasha. Akajiambia ataangalia upepo wa matairi tu, basi. Upepo ulikuwa umepungua, akajaza. Alipokwisha kujaza, akaona kuisogeza kidogo si dhambi. Adhuhuri ilimkuta chini ya bawa na kopo la grisi, akijitukana. Jumatatu ya pili hakujisumbua hata kukaa.

Mkaguzi alikuja na tochi, akashinda ndani ya ndege asubuhi nzima. Alipotoka alikuwa anatikisa kichwa, na Propela akashikwa na tumaini la ghafla.

"Sijawahi kuona ndege iliyolala miaka sita ikawa hivi," mkaguzi alimwambia meneja. "Itunzeni. Inaweza kusubiri injini hata miaka mitano mingine."

Akaandika hivyo hivyo, akagonga muhuri, akampa Propela mkono kwa heshima zote.

Jioni mkewe alimkuta ameketi kitandani, viatu miguuni.

"Wamekuachia?"

"Wamenisifu," alisema Propela.