Msiba Uliokosea Nyumba

Nikodemo Mrefu alifariki asubuhi moja ya mwaka tisini na tatu, akiwa amekaa kwenye kigoda chake nje ya nyumba, hapo Kikuyu, Dodoma, mgongo umeegemea ukuta. Watu walipita wakamsalimia. Hakuitika, nao hawakushangaa, kwa sababu hata alipokuwa hai alikuwa haitiki. Mkewe, Ruthu, alimtengea uji wa uwele kwenye kikombe cha bati, akarudi ndani kuchambua mlenda mkavu wa kupeleka sokoni Sabasaba. Alipotoka tena alikuta kuku wanaunywa ule uji, wamezamisha midomo kikombeni kama wamealikwa. Hapo ndipo alipojua. Nikodemo alikuwa mtu wa kunyamazia kila jambo duniani, lakini kuku hakuwavumilia hata siku moja.

Walimzika kesho yake. Ruthu hakulia. Hakulia maiti ilipooshwa, hakulia jeneza liliposhushwa, hakulia hata kwaya ilipoimba wimbo ule ambao hata walevi wa mtaani huutolea machozi. Wanawake waliokaa naye mkekani walimtazama, kisha wakatazamana.

"Mjane gani huyu?" mmoja akanong'ona, lakini mnong'ono wenyewe ulisikika mpaka jikoni. "Amekaa utadhani anasubiri foleni ya sukari."

Foleni za sukari zilikuwa zimekwisha zamani. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka yamejaa sukari na sabuni za kila rangi. Lakini kila mtu aliikumbuka sura ile ya kusubiri foleni, na kweli ndiyo sura aliyokuwa nayo Ruthu.

Binti yake, Loisi, aliyeolewa Nzuguni, akamsogelea sikioni. "Mama, lia hata kidogo basi. Watu wanasema."

"Nilishalia, mwanangu," Ruthu akajibu.

"Umelia lini, mama? Tangu jana nipo na wewe."

"Nilishalia."

Loisi akadhani ni uchungu unamchanganya mama yake. Masikini, hakuwa amechanganyikiwa hata chembe. Alikuwa anasema kweli tupu, na ili uielewe kweli yenyewe inabidi nikurudishe nyuma kidogo.

Walikuwapo Nikodemo wawili pale mtaani. Walibatizwa siku moja, wangali vijana, na marehemu Mchungaji Bartolomayo, ambaye wiki ile alikuwa amehubiri habari za Nikodemo wa kwenye Injili na bado alikuwa hajamaliza kumpenda. Akampa huyu jina hilo, na aliyefuata akampa hilo hilo. Watu wakawatenganisha wenyewe: mmoja Nikodemo Mrefu, mwingine Nikodemo Mfupi. Walijenga nyumba jirani, ukuta kwa ukuta. Walioa mwaka mmoja. Mrefu alimwoa Ruthu, na Mfupi alimwoa msichana ambaye baadaye tulimwita Mama Yunisi. Vita vya Kagera vilipokuja, wote wawili walikuwa mgambo, na lori moja likawachukua. Ruthu na Mama Yunisi walisimama pamoja barabarani wakipunga mpaka vumbi likatulia.

Mwezi wa nne wa mwaka sabini na tisa, Landrova ya jeshi ikaingia mtaani. Afande akateremka na kuuliza nyumba ya Nikodemo mgambo iko wapi. Watu wakaonyesha nyumba ya kwanza. Wangefanyaje? Ndiyo iliyokuwa karibu. Afande akavua kofia mlangoni kwa Ruthu, akasema maneno aliyotumwa kusema, akaondoka.

Ruthu alianguka chini palepale. Alilia siku tatu mfululizo, kwa sauti, kwa kujigaragaza, mpaka koo likafunga akawa analia kimya. Walimnyoa nywele. Wakamkalisha mkekani. Mama Yunisi ndiye aliyemshika mabega, ndiye aliyempikia na kumlisha kwa mkono wake.

Siku ya tatu Landrova ikarudi. Afande yule yule, safari hii jasho linamtoka. Akauliza baba wa huyo marehemu anaitwa nani. Akatajiwa. Akatazama chini, akasema, "Mama, tunaomba radhi. Mume wako yu hai. Ni mwenzake." Mama mkwe wa Ruthu, aliyekuwa amekaa kando yake, akapiga kigelegele. Alikipiga kwa nguvu zote za mama aliyerudishiwa mtoto, na kigelegele hicho kilikuwa bado hewani wakati afande na wenzake wanapiga hodi nyumba ya pili.

Ruthu mwenyewe hakushangilia. Alikaa pale mkekani na kipara chake akiisubiri furaha ije, na furaha haikuja. Akasikia kilio kimeanza ng'ambo ya ukuta. Nacho akakisikiliza tu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Ndani yake kulikuwa kumepoa. Alidhani ni uchovu, kwamba akilala itaisha. Haikuisha.

Nikodemo Mrefu akarudi mwaka uliofuata, mzima, viungo vyote vipo. Watu wakampokea kwa ngoma. Yeye akapita katikati yao, akavuta kigoda, akakaa nje ya nyumba. Na ndiyo imetoka hiyo! Alipata kazi ya ulinzi katika shirika moja la umma, akawa analinda kwa kukaa. Shirika likaja kufungwa, wafanyakazi wakapunguzwa, yeye akarudi nyumbani akaendelea kukaa, wala sidhani kama aliona tofauti. Jumapili alikwenda kanisani lakini haingii. Alikaa chini ya dirisha, mahali wanapoegesha baiskeli, akisikiliza ibada kutokea nje. Meza ya Bwana hakuikaribia hata mara moja. Wazee wa kanisa walikuja kumwonya, wakaondoka wamechoka, kwani ni kazi ngumu kumwonya mtu asiyejibu.

Mara moja tu alimwambia Ruthu kitu. Walikuwa wanakula. Akasema, "Niliyempiga risasi kule alikuwa na msalaba shingoni. Alikuwa anasali, na mimi nilikuwa nasali." Kisha akaomba mboga. Ruthu akampa mboga. Baadaye alijilaumu kwamba hakusema lolote, ingawa hata leo hajui angesema lipi.

Sasa basi, kanisa lile lilikuwa na desturi yake. Kila mwaka, Jumapili ya kuwakumbuka mashujaa, mchungaji husoma majina ya waumini waliokufa vitani. Husoma jina la ubatizo peke yake, ndivyo alivyoanzisha marehemu Bartolomayo, akisema Mungu siku ya kuita hataulizia ukoo. Jina likiitwa, ndugu wa marehemu husimama, na hubaki amesimama kimya mpaka la mwisho. Mama Yunisi alikuwa na nafasi yake benchi la mbele. Jina la Nikodemo likiitwa, alisimama, mgongo umenyooka, na kanisa zima likamheshimu. Ruthu alikuwa akikaa nyuma. Mumewe yuko nje kwenye baiskeli. Huyo hakuna aliyemsimamia.

Mwaka ule wa kufa kwa Mrefu, Jumapili hiyo ilipokaribia, Ruthu alikwenda kwa mchungaji. Lilikuwa jambo la kwanza kulitaka kwa miaka mingi, na yeye mwenyewe lilimshangaza. Mchungaji alikuwa kijana mpya, Ambokile, aliyeletwa kutoka Mbeya.

"Bwana asifiwe, Mama Loisi. Shikamoo. Karibu uketi."

"Marahaba, Mchungaji. Sikai sana. Naomba Jumapili ya mashujaa nimsimamie mume wangu."

Mchungaji akakuna kichwa. Alikuwa mtu mwema, na mtu mwema akitaka kukataa huzunguka sana. Akasema anamheshimu marehemu. Akasema kanisa linawaombea wote walioguswa na vita, walio hai na waliolala. "Lakini, mama yangu, ile ni Jumapili ya waliotoa uhai. Mzee alirudi. Amefariki nyumbani kwake, miaka kumi na minne baadaye. Na mezani hakuwa anakuja. Nikimwingiza yeye, wenye marehemu wao watanielewa?"

"Wenye marehemu wao ni kina nani?"

"Kwa mfano Mama Yunisi. Jina ni moja. Huyo akikubali, mimi sina neno."

Ruthu akashukuru akatoka. Angalau alikuwa ameambiwa mlango wa kugonga. Shida ni kwamba mlango wenyewe, tangu siku ya kigelegele, alikuwa hajaugonga. Yeye na Mama Yunisi walisalimiana tu kwa kupitana, habari, nzuri, basi. Ukuta kwa ukuta, miaka yote hiyo!

Alimkuta uani, amezungukwa na mashati ya mitumba, anashona vifungo. Ndiyo ilikuwa biashara yake siku hizo, kununua mashati yaliyopungukiwa vifungo, kuyatengeneza na kuyauza.

"Hodi, Mama Yunisi."

"Abee. Karibu." Hakuinua macho, lakini alisukuma kigoda kwa mguu.

Ruthu akakaa, akasema shida yake moja kwa moja, kwani kuzunguka hakukuweza tena. Mama Yunisi akaendelea kushona. Alimaliza kifungo kizima kabla ya kufungua kinywa.

"Wewe una kaburi," akasema. "Unapalilia, unamwagilia ua. Wa kwangu yuko huko Kagera, hata upande alikolaza kichwa siujui. Mimi nina hilo jina tu, mara moja kwa mwaka. Na hilo nalo unataka tugawane?"

"Nataka."

"Una moyo mgumu wewe."

"Sina moyo wowote," Ruthu akasema. "Nilimlilia akiwa hai, nikamaliza. Amekufa sasa, nimemtazama kama mgeni. Nataka nimsimamie, nione kama kuna kitu kimebaki. Najua ulinikasirikia kwa kile kigelegele. Una haki."

Mama Yunisi akaweka sindano chini.

"Siku ile nilikuwa jikoni nasonga ugali wa kuleta kwako msibani," akasema. "Nikasikia kigelegele. Nikajua papo hapo, Mrefu yu hai. Mama Loisi, nilicheka! Peke yangu, mwiko mkononi. Nikasema asante Bwana, na wa kwangu atarudi. Nikatoka mlangoni nikicheka, nikagongana nao uso kwa uso. Habari ya mume wangu nilipewa meno yakiwa nje. Yule afande mpaka leo anadhani nilikuwa kichaa."

Ruthu akaokota kifungo kilichoanguka, akampa.

"Kila nikikuona nakumbuka meno yangu. Ndiyo maana sikuja kwako. Kukasirika nilikasirika pia, usijidanganye. Na ugali uliungua."

Kuku akapita juu ya mashati, na wote wawili wakamfukuza kwa pamoja.

"Sasa kuhusu jina?" Ruthu akauliza.

Mama Yunisi akaokota sindano. "Nitungie uzi huu, macho yangu siku hizi hayaoni." Ruthu akamtungia. Jibu lingine hakupewa, akarudi kwake bila kujua lipi ni lipi.

Jumapili ikafika. Ruthu akaketi benchi lake la nyuma. Mchungaji Ambokile alihubiri juu ya amani, kwamba mtu husifu ushujaa kirahisi akiwa hajafua damu kwenye nguo. Yalikuwa maneno mazuri. Ruthu aliyasikia yakipita. Alikuwa anatazama dirisha la upande wa baiskeli.

Majina yakaanza. Yakaitwa matatu, manne, ndugu wakasimama mmoja mmoja.

"Nikodemo."

Mama Yunisi akasimama pale mbele, kama kila mwaka, mgongo umenyooka. Ruthu akainamisha kichwa. Basi, akajisemea, nimejibiwa.

Lakini Mama Yunisi hakubaki mahali pake. Alitoka kwenye benchi, akaushuka ujia wa katikati kwa viatu vyake vya Jumapili, kanisa zima likageuka, mzee mmoja akakohoa kwa kukemea. Akaja mpaka benchi la nyuma. Akamshika Ruthu mkono.

"Simama, mwenzangu," akasema, tena si kwa kunong'ona. "Wale askari hawakukosea nyumba. Waliwahi tu."

Ruthu akasimama. Ganzi ilikuwa bado ipo, na machozi hayakuja. Ila ule mkono aliusikia, ulikuwa wa moto na umekwaruzwa na sindano. Mchungaji Ambokile aliwatazama, akaitazama karatasi yake, kisha akaliita lile jina mara ya pili, taratibu, ndipo akaendelea na yaliyobaki. Wale wanawake wawili wakabaki wamesimama hivyo hivyo, kule nyuma, mpaka jina la mwisho.