Matuta ya Maboga

Shule yangu mimi ni kisomo cha watu wazima, basi. Lakini nasema bila aibu: binti yangu alijifunza kuzidisha kwangu, shambani. Na kukosea pia alijifunza kwangu.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia kijiji cha ujamaa, nje ya Sumbawanga. Yeye yuko darasa la tatu. Mwalimu wake, kijana kutoka Mbeya, akatuma neno kwamba kuzidisha kumemshinda mtoto; asipofaulu jaribio la Ijumaa, atarudia darasa. Baba yake akaweka bakuli chini.

"Arudie? Abaki hapa atwange ulezi."

Sikubishana naye. Ulikuwa msimu wa kufukia majani. Sisi Wafipa tunarundika nyasi, tunazifunika udongo, linakuwa tuta la duara kama chungu kilichopinduliwa, zikioza ndani ndiyo mbolea. Yangu mimi yalinyooka mistari kama askari wa gwaride. Nikamwambia mtoto, "Mistari saba, kila mstari matuta sita. Yote mangapi?"

Akapita akiyagusa kwa mguu. "Thelathini na tano, mama."

"Hapo sasa!" nikasema. Siku mbili tukaenda hivyo, mstari kwa mstari, nami kifua mbele.

Jumatano akarudi analia. Daftari zima limejaa mikasi myekundu ya kukosa, hata kwenye saba mara sita. Nikalichukua, nikabeba na jembe langu, nikaenda shuleni nina hasira za kutosha watu wawili.

"Shikamoo, mama," mwalimu akasema, macho kwenye jembe.

"Marahaba. Twende shambani ukahesabu mwenyewe."

Alikuja, maskini, na viatu vyake vya ngozi. Akahesabu. "Arobaini na mbili, mama."

"Mwalimu, la mwisho kila mstari ni la maboga. Hilo hatulihesabu!"

Ndivyo nilivyohesabu miaka yote, nijue mbegu za maharage zitatosha matuta mangapi. Mwalimu akatazama daftari, akatazama matuta, akacheka mpaka akakaa juu ya tuta langu bichi. "Mtoto anajua kuzidisha huyu. Kila jibu kapunguza maboga yako."

Niliona haya, sidanganyi. Lakini jioni ile ile nilimrudisha mtoto shambani. "Mama yako alikosea," nikamwambia. "Tuta ni tuta, liwe na boga, liwe na nini. Anza tena." Tukaanza tena, na kesho yake tena, mpaka nikawa nauliza nimempa mgongo naye anajibu bila kugusa kitu.

Ijumaa alipata yote. Yote! Baba yake alilishika daftari muda mrefu, na kusoma hajui, akifuata zile alama za vema kwa kidole. Halafu akasema, kama mtu anayeongea na ukuta, "Jumatatu shamba la kijiji tunagawiwa ngwe za kulima. Akitoka shule aje anihesabie yangu, nisipunjwe."

Habari ya kutwanga ulezi haikusemwa tena. Leo binti huyo ni mwalimu wa hesabu, na wajukuu zangu wananitania, "Bibi, saba mara sita?" Wananijua.

Mwaka ule maboga nilipanda nyuma ya jiko, na mpaka leo hukohuko ndiko yanakoota.