Mkereza Filimbi za Kuitia Bata

Jirani yangu hukereza kwa mashine filimbi za mbao ambazo wawindaji huzipuliza kuwaita batamwitu. Akishasugua kwa msasa, huulowesha mti kidogo ili nyuzi zake zisimame, kisha husugua tena kwa msasa laini zaidi, pumzi kaibana. Jana filimbi moja ilikuwa imebaki nyembamba kama ganda la yai. Akizidisha kidogo tu, inapasuka. Alizima mashine, akaipapasa filimbi kwa kidole gumba, akakunja uso, akapapasa tena. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni.

“Mama watoto,” akasema bila kugeuka, “hebu gusa hapa. Pamelainika?”

Mkewe akasogea, akapitisha kidole taratibu. “Pamelainika kabisa. Tangu lini vidole vyako havihisi?”

“Tangu mwaka jana.”

Mkewe akavuta kigoda, akaketi karibu yake. “Haya, nipe na ile filimbi nyingine.”