Ndege Aliyoikataa Enos

Enos Obonyo alikuwa mkaguzi wa ndege, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kulala chali. Watu wa Kaloleni, mtaa aliokulia, waliposikia ameajiriwa na mamlaka ya usafiri wa anga walidhani atakuwa anavaa suti na kupaa kila siku. Kumbe mwenzao alikuwa akishinda chini ya matumbo ya ndege katika uwanja wa Kisumu, ovaroli imeloa mafuta, akimulika kwa tochi na kugongagonga chuma. Akiinuka, ndipo aliposema ndege iruke au isiruke. Mara nyingi alisema iruke, na hapo hakuna aliyelikumbuka jina lake.

Siku aliyosema isiruke ndiyo iliyomtenga na dada yake.

Dada huyo aliitwa Perez, kitinda mimba wa kwao. Mama yao alifariki Perez akiwa bado shule ya msingi, na Enos ndiye aliyebaki kumpikia uji na kumsuka nywele, tena alimsuka vibaya hadi watoto wenzake wakamcheka. Alipokua aliolewa na Wabwire, Msamia wa upande wa Sio Port, mtu wa mwili mkubwa na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Enos alimpenda tangu siku ya kwanza. Jumapili baada ya kanisa, Perez na mumewe na binti yao Winny walikuwa wakija kwake Milimani, wanakula, halafu wanaume wawili wanaketi uani kubishana juu ya mpira mpaka jua linapungua.

Wabwire alifanya kazi katika kampuni ya mizigo ya Bwana Ouma. Kampuni ilikuwa na ndege moja kuukuu, iliyochukua minofu ya mbuta, samaki wakubwa wa ziwani, kutoka viwanda vya Kisumu ikavuka mpaka kuipeleka Juba na Goma. Wabwire ndiye aliyekuwa akiamua katoni zipi zikae mbele na zipi nyuma, ndege isije ikalemea upande mmoja, na safari nyingi alipanda nayo. Perez naye alikuwa akikata minofu hiyohiyo kiwandani. Kwa hiyo nyumba yao yote ilikula kutokana na ndege ile.

Leseni ya kupeleka mizigo nje ya nchi si ya milele. Muda wake ukiisha, mwenye kampuni huomba upya, na ndege hukaguliwa. Mwaka huo ukaguzi ulimwangukia Enos. Alikwenda kwa mkubwa wake akamwambia wazi kwamba shemeji yake anafanya kazi pale.

"Shemeji yako si mwenye ndege," mkubwa wake alisema. "Lakini sawa, nitamtuma mwenzako kutoka Nairobi mkague pamoja."

Wakakagua pamoja. Karibu na shina la bawa la kushoto Enos aliona rangi iliyong'aa kuliko ya jirani yake. Aliikwangua kidogo. Chini yake kulikuwa na kutu, na ndani ya kutu ufa, mwembamba kama unywele, umeingia kwenye mhimili unaoshikilia bawa. Mwenzake aliinama akautazama, akaguna.

Bwana Ouma aliitwa akaonyeshwa. Hakukasirika. Alivua kofia, akajipangusa jasho.

"Bwana Enos, ndege ni mzee. Mtu hupasuka kisigino, sembuse chuma?"

"Ukipasuka kisigino utaketi chini, Bwana Ouma. Hii ikipasuka ikiwa huko juu itaketi wapi?"

"Nipe msimu mmoja tu. Nina watu wananitegemea, na mmoja wao ni wako."

"Ndiyo maana sitakupa."

Leseni ikakataliwa. Wapakiaji wakaambiwa wakae nyumbani wasubiri kuitwa. Kiwandani, minofu ilipokosa pa kwenda kwa haraka, zamu moja ilifutwa, na Perez alikuwa wa zamu hiyo. Katika wiki moja yeye na mumewe wote wawili wakawa watu wa kukaa mlangoni.

Perez alikuja Milimani peke yake, siku ya katikati ya wiki. Alikataa kukaa.

"Owadwa," alisema, kwa neno la Kijaluo lenye maana ya kaka yangu, alilomwita tangu utotoni, "yale uliyoandika kuhusu ile ndege, huwezi kuyaandika tena kwa njia nyingine?"

"Siwezi."

"Hata kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako ndiyo siwezi kabisa. Mumeo anapanda kitu kile, Perez."

"Mume wangu amekipanda miaka yote, na anarudi." Alimtazama kaka yake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. "Wewe umezoea kuandika hapana, halafu unarudi kwenye nyumba ya serikali. Sisi hapana yako tunaipika sufuria gani?"

Akaondoka. Chai iliyokuwa imetayarishwa ikapoa mezani, na tangu hapo Jumapili za uani zikakoma.

Baadaye Bwana Ouma aliomba ruhusa ya kuitoa ndege, tupu, bila mzigo wowote, akaitengeneze kwenye karakana ng'ambo ya mpaka. Ruhusa ya namna hiyo ipo, na Enos alipoulizwa maoni yake alisema ndege tupu, siku ya anga tulivu, inaweza kufika. Alisema hivyo kwa nia njema. Alidhani bawa litabadilishwa, ndege irudi, Wabwire arudi kazini, na dada yake arudi kwake. Asubuhi ilipopaa alisimama kwenye uzio akaitazama ikipinda juu ya ziwa mpaka ikapotea, na kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi akajisikia mwepesi.

Ndege haikurudi. Alisikia kwa rubani mmoja kwamba imeandikishwa upya kule ilikokwenda, imepata leseni ya mizigo ya nchi ile, na tayari inafanya kazi. Alimpigia simu mkaguzi wa kule waliyesoma naye kozi moja zamani.

"Lile bawa, mmeliangalia?" aliuliza.

"Ndugu yangu, kwetu imepita. Ina cheti."

"Nimekuuliza bawa."

"Na mimi nimekujibu cheti. Asante kwa kutujulisha."

Alimweleza mkubwa wake, naye akatuma taarifa rasmi kule. Jibu halikuja. Anga ya nchi nyingine ina wenyewe, na neno la Enos liliishia mpakani.

Haukupita muda, Bwana Ouma akamwita Wabwire aende kule akaendelee na kazi yake. Enos alipopata habari alishuka Kaloleni mwenyewe. Perez alimwona akija, akaingia ndani. Wabwire alikuwa nje akikunja nguo na kuzitia kwenye begi, akacheka kama kawaida yake, ila kicheko kilikuwa kifupi.

"Shemeji, karibu. Umekuja kunisindikiza?"

"Nimekuja kukuzuia. Usipande ndege ile."

"Ilitengenezwa."

"Ulionyeshwa?"

Wabwire alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Sikiliza. Serikali yako imesema haifai. Serikali ya kule imesema inafaa, na wao wana wakaguzi, wamesoma kama wewe. Sasa mimi mbeba mizigo niamini ipi?"

"Usiamini serikali yoyote. Niamini mimi. Nililiona bawa kwa macho yangu."

"Najua, shemeji. Nakuamini, kweli." Alifunga zipu ya begi. "Lakini Winny amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa karo, na dada yako haongei tena nyumbani, anasafisha sakafu tu, kutwa. Nikikaa hapa nitakuwa salama, halafu itakuwaje?"

Enos alijitolea kumsaidia mpaka apate kazi nyingine. Wabwire alimshika bega, akamshukuru kwa Kijaluo chake cha kujifunza ukubwani, "Ero kamano," akasema mwanamume hawezi kuweka mtoto wake kwenye mkono wa shemeji. Wakaagana. Perez hakutoka.

Ndege ilianguka mwanzoni mwa masika, kwenye vilima vya nchi ile, ikiwa na mzigo wa mahindi na watu wanne. Waliokuwa shambani walisema waliona bawa likienda upande wake na ndege upande wake.

Familia ilihitaji mtu wa kwenda kutambua maiti. Kaka zake Wabwire waliogopa, na Perez alikatazwa na wazee wa ukoo. Enos akasema atakwenda yeye. Alikaa kule siku chache, akafanya aliloendea, akarudi kupitia mpaka wa Busia ameketi karibu na dereva wa gari lililobeba jeneza. Jeneza lilikuwa limefungwa, na aliagiza lisifunguliwe.

Mazishi yalikuwa Samia, nyumbani kwa kina Wabwire, mahali ambapo ziwa linaonekana chini ya mashamba ya mihogo. Watu walikuwa wengi. Enos aliposimama pembeni mwa hema alisikia minong'ono ikipishana nyuma yake. Baadhi walisema ndiye aliyefukuza ndege ikaenda kuua watu, na wengine wakasema alijua, alijua tangu mwanzo. Hakugeuka. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakujua angejitetea kwa lipi.

Baada ya kaburi kufukiwa Perez alimfuata mbele za watu, kitambaa kimeteleza kichwani.

"Ulijua itaanguka," alimwambia. "Ulipoikataa, kwa nini uliiacha itoke? Watu wa kule si watu?"

"Walisema wanakwenda kuitengeneza, nyaminwa, dada yangu. Niliwaamini."

"Hukuniamini mimi nilipokuomba, ukamwamini Ouma."

Wanawake walimshika wakamrudisha ndani. Enos aliendesha gari hadi Kisumu, na asingeweza kukuambia alipita wapi.

Mwaka uliofuata kampuni nyingine iliomba leseni ya kuchukua samaki wa Kisumu kuwapeleka nje, na kama ilivyo desturi tangazo likatoka kwamba mwenye la kusema aje katika kikao cha hadhara. Kikao kilifanyika katika ukumbi mmoja mjini. Enos alikuwa ameikagua ndege ya kampuni hiyo, na ilikuwa nzima. Alikuja kueleza hilo tu. Walikuwepo wenye viwanda na wafanyabiashara, na kila mmoja alipewa nafasi akaunga mkono. Kisha mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine, na katika safu ya nyuma akasimama Perez, amevaa nguo zake za kanisani.

Enos aliisukuma kando ripoti yake ya ukaguzi.

"Mimi sipingi," Perez alianza. Sauti yake ilikuwa ndogo, mwenyekiti akamwomba asogee. Akasogea. "Sipingi, mimi mwenyewe nilikuwa mkata samaki, nataka ndege ije. Nauliza tu. Mkikataa ndege, inakwenda wapi? Mume wangu alikuwa kwa moja mliyoikataa. Mliikataa vizuri. Lakini ilikwenda kwa wengine, na yeye akaifuata. Kuna mtu kazi yake ni kuuliza inakwenda wapi?"

Mwenyekiti, mtu mpole, alimpa pole kwa msiba, akasema swali lake ni zito na litaandikwa, ila haliko ndani ya mamlaka ya kikao. Perez akamshukuru, akarudi kuketi. Leseni ilitolewa, watu wakapeana mikono.

Nje Enos alimkuta akingoja mvua ipungue. Akamfungulia mlango wa gari, na baada ya kusita Perez akaingia, akakaa kiti cha nyuma. Walikwenda mpaka karibu na Kaloleni.

"Wewe ulimwona," Perez alisema ghafla.

"Nilimwona."

"Wananiambia alikuwa kama amelala. Shemeji zangu wananiambia hivyo, na hata hawakwenda. Niambie wewe."

Enos aliegesha gari kando ya barabara. Maisha yake yote alikuwa akiandika alichokiona, na sasa alitamani awe mtu mwingine, mwenye kazi nyingine. Kioo kilifunikwa na mvua, na vifutio vilipokoma hapakuonekana kitu.

"Hakuwa kama amelala," alisema. "Nilimtambua kwa mikono. Mikono ilikuwa mizima. Nikaishika."

"Uliishika?"

"Nikakaa nayo mpaka walipokuja kunitoa."

Perez aliangua kilio, kile alichokuwa hajakilia Samia mbele za watu, akiwa ameinama mpaka paji la uso likagusa mgongo wa kiti cha kaka yake. Enos naye alilia, mikono kwenye usukani, bila kugeuka, maana aliogopa akigeuka dada yake ataacha. Walikaa hivyo hadi mvua ilipokatika na watu wakaanza kutoka kwenye vibaraza.

Alipomfikisha, Perez alishuka akafunga mlango polepole. Hakumkaribisha ndani. Alisimama kidogo dirishani, akamwambia Winny anaendelea vizuri na masomo, halafu akaenda zake akiruka madimbwi.

Perez amerudi kiwandani. Wakikutana mjini husalimiana, huulizana habari za nyumbani, na kuna mara amemwita owadwa. Lakini Milimani hajawahi kukanyaga tena, na Jumapili Enos hula peke yake, kisha hutoka uani akakaa.