Chaki na Mafuta ya Taa

Mageti yangu yanajulikana Boko yote. Nachomelea, napitisha grainda, penye tundu najaza puti, juu napiga rangi, na mteja akipapasa anaridhika. Kwa hiyo tulipoitwa mafundi wa mitaani kusaidia matengenezo ya meli ya doria ya jeshi la majini, nilikwenda kifua mbele. Niliona wamechelewa tu kuniita.

Meli ilikuwa imepandishwa kwenye chelezo, nchi kavu. Pembeni yake ilikuwa ikijengwa boti mpya, mbavu tupu. Nikapewa bati moja la majaribio, ubavuni mwa meli, sehemu inayozama majini. Likikataliwa, narudi kwenye mageti. Nilichomelea, nikausaga mshono mpaka ukang'aa.

Mkaguzi alikuwa binti mwenye sare, rika la mwanangu wa mwisho.

"Shikamoo, mzee," alisema, kisha akaiharibu siku yangu. Aliupaka mshono kwa nje chaki iliyokorogwa na maji. Ilipokauka, akaingia ndani ya meli akaupaka mafuta ya taa. Tukangoja. Taratibu, katikati ya weupe, likatokea doa la mafuta, halafu la pili.

"Umesaga sana, mzee. Panavuja."

"Si vitundu tu hivyo? Nipe puti."

Wenzangu waliangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Hii meli ntasafiri nayo mie. Kitanda changu kipo nyuma ya hili bati."

Niliona haya, haya ya mtu mzima, mpaka masikio yakapata moto. Nilimwomba nafasi moja tu, akanipa. Niliukata mshono wote, nikaanza upya. Safari hii grainda niliiweka mbali. Nilikwenda polepole, tabaka juu ya tabaka, nikigonga magamba yaliyoganda juu ya mshono na kukagua kabla ya kuendelea. Ulitoka na mikunjo mikunjo. Boko nzima hakuna ambaye angeukubali kwenye geti lake.

Kesho yake akapaka chaki tena, akapaka mafuta. Niliikodolea macho ile chaki mpaka shingo ikaniuma. Ilibaki nyeupe.

Binti alipitisha kidole juu ya ile mikunjo, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Haya, mzee. Yamebaki mabati mengi, na ile boti mpya inakusubiri."

"Tutayamaliza," nilisema. "Wewe nenda ukalale, mwanangu."