Mlango wa Uani

Wanafunzi walikuja Likoni wakati wa likizo yao, miaka ya themanini ikielekea kwisha. Walikuwa kumi na wawili kutoka ng'ambo, wamejitolea kumjengea mjane mmoja nyumba ya vyumba viwili kwa wiki tatu. Mimi nilikuwa na kidato cha nne na Kiingereza cha kutosha, basi nikajitolea kuwa mkalimani wao. Kujitolea kwangu kulikuwa na shabaha. Mwalimu aliyewaongoza aliniahidi barua ya kunisifu, nami nilitaka kuacha kubeba magunia bandarini nipate kazi ya ofisini.

Mjane aliishi kwenye kibanda cha makuti kilichovuja, hatua chache kutoka kiwanjani. Kila asubuhi aliwaletea mihogo ya kuchemsha, akaketi mkekani kuwatazama wakikoroga zege.

"Wanaisonga kama sima ya harusi," alisema siku moja. "Waambie hii hailiwi."

Hilo nililitafsiri neno kwa neno. Walicheka sana.

Siku ya nne, kuta zilipofika kiunoni, aliizunguka nyumba yote, kisha akaniita.

"Mwanangu, mlango wa nyuma uko wapi?"

Nikamwambia ramani ina mlango mmoja tu, wa mbele.

"Na wanaume wakikaa mbele siku ya hitima, sisi tutapita wapi? Tupae? Nyumba ya mlango mmoja ni ghala. Waambie."

Kwetu uani ndiko nyumba iliko. Huko hupikwa, huko hufuliwa, huko wanawake huzungumza bila kukatizwa. Aliyechora ramani hakulijua hilo. Mimi nililijua.

Nilimwendea mwalimu. Alikuwa ameishika ramani, ana wasiwasi kuwa siku hazitatosha.

"Mama anasemaje?" aliniuliza.

Nikamjibu kuwa anashukuru. Kisha nikarudi kwa mjane nikamwambia wamesema watafikiria.

Siku chache baadaye aliokota kipande cha mkaa, akachora mlango mzima kwenye ukuta wa nyuma, upande wa ndani, pamoja na komeo lake. Msichana mmoja kati ya wanafunzi, mwenye kupenda kuuliza, alisimama mbele ya mchoro ule akaniuliza ni nini.

"Watoto wamecheza," nikasema.

Wiki iliyofuata tulipiga plasta juu yake.

Siku ya kukabidhi ufunguo kulikuwa na dua, halua na kahawa. Mwalimu aliniomba nimuulize mjane kama ameridhika. Mjane alinitazama mimi, si yeye.

"Mwambie nimepokea."

Nikasema amefurahi mno.

Barua niliipata. Ilieleza kwamba mimi ni mkalimani mwaminifu. Kwa barua hiyo nilipata ukarani Changamwe, na kazi hiyo niliifanya mpaka nikastaafu.

Mjane alikaa katika nyumba ile miezi minne. Alifiwa na kaka yake, hitima ikasomwa kwake. Wanaume tulijaa barazani na chumba cha mbele, na wanawake waliokuwa chumba cha ndani hawakuwa na pa kutokea mpaka tuondoke. Wapishi waliokuwa nyuma waliwapitishia pilau dirishani kwa vibakuli, maana sinia hazikupenya kwenye nondo.

"Jamani, leo tunalishwa kama mahabusu!" sauti ya mwanamke mmoja ikatoka ndani.

Wanaume wakacheka. Nami nilicheka.

Baada ya hapo mjane alirudi kibandani kwake, nyumba akampangisha mfanyakazi wa bandari kutoka bara, ambaye mlango mmoja ulimtosha.

Miaka saba ilipita kabla mpangaji yule hajahama. Nilipopata habari nilikwenda. Nilimkuta mjane akichambua mchicha mlangoni pa kibanda. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, nikaketi. Nikamwambia kwamba maneno yake sikuyafikisha, hata mara moja.

"Najua," alisema, wala hakuacha kuchambua. "Mtu akiambiwa neno zito, uso hubadilika. Uso wa mwalimu wako haukubadilika hata siku moja."

"Mbona basi hukunishtaki?"

"Kwa nani? Mdomo wangu ulikuwa wewe."

Nikamwomba ruhusa ya kuleta fundi atoboe mlango wa uani, akasema nilete.

Kazi yenyewe ilikuwa ya siku mbili. Mjane alipata kuishi humo misimu miwili ya mvua, akiwa mkavu, kabla hajafariki.

Siku ile ya kwanza ya kazi, fundi aliniuliza apasue wapi. Nilimwonyesha bila kusita, kwa kuwa niliamini nakumbuka pale palipochorwa. Mjane akaja taratibu na mkongojo wake, akapatazama, kisha akagonga ukuta pembeni.

"Si hapo. Huku, kushoto. Hata mchoro wenyewe hukuutazama."

Fundi akaihamisha patasi yake.